Mwaka Mzima Porini, Mke na Mume: Maswali Mnayotuuliza Kila Siku

Maswali haya tumeyajibu harusini, misibani, kwenye daladala na kwenye meseji za saa sita usiku, sasa tumeyaweka pamoja ili mtu akiuliza tumwelekeze hapa. Anayeandika ni mke. Mume kaongeza mawili matatu kwenye mambo ya jiko na hema maana hiyo ndiyo idara yake. Swali likishajibiwa juu halirudiwi chini, utaelekezwa tu.

## MAMBO YA MWANZO

Kwani mlikuwa mnafanya nini hasa?

Kutembea na mabegi mgongoni na kujitolea, basi. Tulianza Juni Usambara Mashariki, tukaenda kisiwa cha Mafia, Udzungwa, tukavuka mpaka hadi Gazi na msitu wa Arabuko-Sokoke kule pwani ya Kenya, tukapanda Mlima Kenya, halafu tukamalizia Kitulo na Rungwe huku masika yakiwa yamepamba moto. Sehemu zingine tulipita tu kama watalii, sehemu zingine tulikaa mpaka watoto wa kijijini wakajua majina yetu.

Mna hela nyingi eeh?

Hapana. Mume alikuwa na kazi ya mkataba ukaisha, mimi nikaomba likizo bila malipo, nyumba ya kupanga tukairudisha, makochi na friji vikaenda kwa shangazi yangu ambaye mpaka leo friji hajairudisha na hatumdai. Hela tuliyokuwa tunalipa kodi, umeme, nauli za kila siku na michango ya harusi ndiyo hiyo hiyo iliyotulisha porini. Na niseme ukweli, michango peke yake ukiikwepa mwaka mzima unashangaa.

Hela inaliwa na vitu vitatu: viingilio vya hifadhi, waongozaji, na usafiri wa kufika sehemu ambazo basi haliendi, pale ambapo bodaboda anakutazama na begi lako halafu anataja bei kama anakuuzia pikipiki yenyewe. Chakula ni kidogo sana. Kwa hiyo ukitaka kubana matumizi, usibane ugali, punguza kuhamahama.

Kwa nini siyo Kilimanjaro na Serengeti kama watu wote?

Kilimanjaro hauruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na ukijumlisha wapagazi na siku zote zile, gharama ya mlima ule mmoja inaweza kukukalisha Udzungwa na Usambara muda mrefu sana. Serengeti unakaa ndani ya gari. Sisi tulitaka kutembea. Udzungwa kwa mfano ni kilomita za mraba 1,990, hifadhi tangu 1992, na ndani hakuna barabara za kuzungusha magari ya watalii, unatembea kwa miguu kwenda kuona maporomoko ya Sanje ya mita 170, na njiani kuna nyani aina ya mbega mwekundu ambaye haishi kokote duniani isipokuwa kwenye milima ile. Kufika ni basi la Ifakara tu, unashuka Mang'ula.

Ratiba mlipangaje?

Kwa mvua na upepo, siyo kwa ramani. Ukiangalia njia yetu kwenye ramani utasema hawa watu wamechanganyikiwa, mbona wanarudi nyuma, lakini kila sehemu ina msimu wake. Mafia vifaranga wa kasa wanatoka zaidi kati ya Juni na Septemba, ukienda kuanzia Oktoba mpaka Februari unakuta papa potwe badala yake. Mlima Kenya Januari na Februari ni ukavu. Kitulo maua yanafunguka Desemba mpaka Aprili, yaani lazima ukubali kulowa, ukienda Agosti utaona nyasi na baridi.

Acha nafasi. Sehemu mbili tulizopanga kupita haraka ndizo tulizokaa zaidi.

## KUJITOLEA

Nitapataje sehemu ya kujitolea?

Njia iliyotufanyia kazi ni kwenda mwenyewe, au kupiga simu kabla, na kuuliza swali moja: kuna kazi gani hapa ambayo mmekosa mtu wa kuifanya? Siyo "nataka kuokoa wanyama". Vikundi vya vijijini, ofisi za hifadhi za misitu, vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufukwe (BMU), wote hao wana kazi, ila hawana muda wa kukutengenezea kazi ya kukufurahisha. Barua fupi ya utambulisho inasaidia, nakala ya kitambulisho inasaidia zaidi.

Kuna malipo?

Hulipwi. Swali la kuuliza ni kama wewe ndiye utakayelipa. Kuchangia chakula na malazi ni haki kabisa, huwezi kwenda kijijini ukawa unalishwa na watu. Lakini kuna taasisi moja ilitutumia bei ya kujitolea kwa dola, wiki mbili, ukipiga hesabu ni hoteli nzuri ya Zanzibar, na tulipouliza hela inaenda wapi tukajibiwa kwa picha za tembo. Tukaachana nao. Kipimo chetu: wanaweza kukutajia nani analipwa kutokana na hela yako? Wakitaja mpishi, mlinzi wa usiku na mafuta ya boti, lipa bila kinyongo.

Kazi zenyewe zikoje?

Nyingi zinachosha na hazina picha nzuri. Nitaelezea tatu.

Kasa, kule kisiwa cha Juani, Mafia. Mnaamka kabla ya alfajiri mnatembea ufukweni kutafuta alama za mama kasa aliyepanda usiku, alama mbili za makasia na mburuzo katikati. Tochi nyeupe hairuhusiwi, inawapoteza vifaranga wanaofuata mwanga wa bahari. Kiota kikiwa chini ya mstari wa maji kujaa kinahamishwa, na hapo ndipo panataka adabu: mayai yanahamishwa ndani ya saa chache baada ya kutagwa, na kila yai linabaki upande ule ule liliolalia, ukiligeuza kijusi kinakufa. Mzee aliyetufundisha alikuwa analitoa yai kwenye shimo jipya lisilokaa sawa na kulirudisha kwenye ndoo na kuchimba upya bila kusema neno. Baada ya kama miezi miwili vifaranga wanatoka, watu wanapiga makofi, wageni wanaondoka. Ndiyo kazi inaanza: mnafukua kiota na kuhesabu maganda, yaliyoanguliwa huku, yaliyooza kule, na yai lililooza likipasuka mkononi hiyo harufu utaenda nayo mpaka kwenye chai. Hesabu ile ndiyo inayoonyesha ufukwe ule unazaa au hauzai.

Mikoko, Gazi, Kwale. Pale kuna mradi wa Mikoko Pamoja, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza mikoko, wanauza hewa ya ukaa tangu 2013, yaani wanalipwa kwa kaboni inayofyonzwa na mikoko yao, na hela inaenda kwenye maji na shule. Sisi tulikuwa mikono tu. Mbegu ya mkoko inaota ikiwa bado juu ya mti, ile fimbo ndefu ya kijani, na huchukui yoyote tu. Unatafuta iliyoonyesha shingo ya njano pale inapoungana na tunda, ambayo haijaonyesha shingo bado mbichi, ukipanda umepanda kuni. Unaichomeka kwenye tope, mita moja kutoka mwenzake, unasonga, mguu umezama mpaka gotini, kandambili imebaki chini. Na siyo kila tope linafaa. Miti hii ina aina zake: mlilana unakaa mbele kabisa kwenye maji, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa na mchu juu zaidi, ukichanganya unarudi baada ya miezi unakuta makaburi. Ndiyo maana zile siku za kupanda mikoko elfu kadhaa kwa mpigo na tisheti zenye nembo mimi huwa naziangalia kwa jicho la pembeni.

Mitego, Arabuko-Sokoke. Hii ni kutembea mstari mmoja na vijana wa pale pamoja na askari mkitafuta nyaya zilizofungwa kwenye vijia vya paa. Waya ni mwembamba, wa baiskeli au wa umeme, umefungwa kimo cha goti lako, mimi nilikuwa naupita kijana nyuma yangu anauona. Unakata, unakunja, unaandika mahali ulipoukuta. Wakati mwingine unaukuta umeshakamata, hapo sitaelezea.

Wiki moja inatosha?

Kujifunza wewe, inatosha. Kusaidia, hapana. Wiki ya kwanza kuna mtu kaacha kazi yake akufundishe, ya pili unaharibu kidogo, ya tatu ndiyo unaanza kuachwa peke yako. Kama una wiki moja tu usijitolee, nenda katembee, lala nyumba ya wageni ya kijiji, lipa mwongozaji wa pale pale kijijini. Hela yako ya mwongozaji itafanya kazi kubwa kuliko jembe lako. Najua watu hawapendi jibu hili.

Lazima niwe nimesomea mambo ya wanyama?

Wala. Kilichotakiwa zaidi kwetu kilikuwa Excel. Kila tulipokwenda kulikuwa na madaftari ya hesabu za miaka nyuma ambayo hayajaingizwa kwenye kompyuta, yamelowa pembeni, mengine yameliwa na mchwa, na mume wangu alikaa navyo jioni nzima nzima kwenye mwanga wa sola akisoma namba za mtu mwingine. Fundi wa injini ya boti, mtu wa umeme, muuguzi, hao wanagombewa.

## VIBALI NA WENYEJI

Naweza kupiga hema popote?

Hapana, na swali hili ndilo linalotuonyesha nani atapata shida. Pori la hapa kwetu lina mwenyewe, siku zote. Likiwa hifadhi ya taifa Tanzania ni TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), hifadhi za mazingira asilia kama Amani kule Usambara Mashariki na Magamba ni TFS (wakala wa misitu), ukiwa Kenya ni KWS (wanyamapori) au KFS (misitu), na Arabuko-Sokoke wapo wote wawili. Nje ya hapo ni ardhi ya kijiji.

Kijijini unaanza kwa mwenyekiti au mtendaji, kwa Kenya chifu au naibu wake. Unasalimia, unakaa, unasaini kitabu cha wageni, unaeleza mnatoka wapi mnakwenda wapi mnalala wapi. Usiende na haraka. Shikamoo zako zote toa. Mara nyingi mlikuwa mlale kwenye hema mnaishia kulazwa ofisi ya kijiji au uwanja wa shule, na asubuhi kuna mtu kawaletea uji. Msipojitambulisha, usiku mtaamshwa na sungusungu wenye marungu na maswali, na watakuwa na haki.

Kulipia hifadhi inakuwaje?

Fedha taslimu getini sahau. Tanzania unapewa control number (namba ya malipo) unalipa kwa simu au benki, Kenya ni kupitia eCitizen, tovuti ya serikali. Fanya hivyo ukiwa bado mjini wenye mtandao. Raia wa Afrika Mashariki analipa bei yake, tofauti kubwa mno na ya mgeni, ila bila kitambulisho halisi mkononi hupewi, picha ya kwenye simu wengine wanaikataa.

Kuvuka mpaka Tanzania na Kenya?

Tulipita Horohoro kwenda Lunga Lunga. Pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya homa ya manjano. Ile ya Wakenya, Waganda na Wanyarwanda kuvukiana kwa kitambulisho cha taifa Mtanzania hayumo, usije ukabishana dirishani. Ukisema unakwenda kujitolea jiandae kwa maswali zaidi, angalia swali la pasipoti ya nje huko chini.

## VIFAA, CHAKULA, MAJI

Vifaa mlinunua wapi?

Mitumba. Viatu vyangu ni vya Karume, vya mume ni vya Memorial pale Moshi, na Memorial kwa vitu vya mlima hapana mpinzani, wapandaji wanaacha makoti, begi, slipingi begi, vyote vinaishia pale. Kwa aliye Nairobi, Gikomba. Viatu vya mtumba vikunje soli kwa nguvu kabla hujalipa, gundi ya zamani inakauka na soli inaachia siku ya pili ya safari. Hema peke yake ndilo tulinunua jipya kwa sababu hema la mtumba huwezi kulijaribu na mvua dukani.

Mlikula nini?

Unga, mchele, dagaa, karanga, tende, uji. Dagaa wakaange kabisa mjini na chumvi na pilipili, wanakaa siku nyingi na havihitaji kupikwa upya. Mume anasema niandike kwamba mitungi midogo ya gesi ya kusukumia kwenye jiko la safari inapatikana kwa shida nje ya Arusha, Moshi na Nairobi, kwa hiyo jiko la mafuta ya taa ndilo mkombozi, linanuka ila mafuta yapo kila duka la kijiji. Kuni ndani ya hifadhi usiguse bila ruhusa.

Maji?

Kuchemsha, au WaterGuard, ukisubiri nusu saa kweli siyo dakika tano. Maji yenye tope chuja kwanza na kitambaa cha kanga. Amani na Udzungwa maji yapo tele. Arabuko hakuna, ubebe.

Chaji na bando?

Pawabanki mbili na sola ndogo ya kufungia kwenye begi. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, mtandao ukitafutwa ndio unamaliza chaji. Laini mbili za kampuni tofauti.

## USALAMA NA AFYA

Simba je?

Kila mtu anauliza simba. Tulikotembea simba hakuwa tatizo. Tatizo ni nyati na tembo, hasa nyati dume aliye peke yake kwenye kichaka, ndiyo maana askari mwenye silaha anayewekwa na hifadhi usimwone kama gharama ya bure. Tembo ukimwona kwanza angalia upepo, kisha rudi ulikotoka taratibu, picha baadaye.

Usiku wa kwanza Amani tulisikia ukelele kama mtu anachinjwa, unapanda unapanda halafu unakatika, mimi nikafunga zipu ya hema na kuanza kusoma dua. Ni perere, mnyama mwenyewe mdogo wa kwenye miti, anakula majani.

Nyoka?

Kiatu kilichofunika kifundo, tochi usiku hata kwenda kujisaidia, kutanguliza miguu siyo mikono unapovuka gogo. Akimuuma mtu: usichanje, usinyonye, usifunge kamba kwa nguvu. Mtulize, mguu usitikisike, vua pete na bangili kabla hajavimba, mkimbize hospitali. Kabla ya kuingia sehemu uliza hospitali ipi ina dawa ya sumu ya nyoka, siyo ipi iko karibu.

Malaria, mbung'o, siafu?

Malaria: pwani na Kilombero tulimeza kinga ya kila siku aliyotuandikia daktari, doksisaiklini, na hiyo umeze umeshiba, na maji mengi, na usilale hapo hapo, na jua litakuunguza kuliko kawaida hata kama ngozi yako nyeusi kama yangu. Mbung'o wanafuata rangi ya bluu na nyeusi, vaa kaki. Siafu ni majivu kuzunguka hema, na wakishaingia msipigane nao, hameni, wao hawakai.

Kupanda juu sana mnapumuaje?

Polepole. Njia ya Sirimon Mlima Kenya unalala Old Moses kwenye mita kama 3,300 halafu Shipton kwenye kama 4,200, kilele cha Lenana ni 4,985. Siku moja ya ziada katikati inasaidia kuliko kidonge. Kichwa kikiuma kidogo ni kawaida, ukianza kuyumba kama mlevi, kutapika au kukohoa bila kukoma unashuka, hata kama ni usiku, hata kama mmelipia.

Dada, siku zako unafanyaje porini?

Pedi za kitambaa za kufua, nazianika ndani ya mfuko wa wavu juu ya begi nikitembea, kanga juu yake. Za kutupa ukitumia unarudi nazo mjini, usifukie, fisi na nyani wanafukua. Na mlimani tulipanda siku moja baada ya zangu kuisha kwa sababu mimi ndiye niliyepanga tarehe.

## SISI WAWILI

Hamgombani?

Tunagombana sana, na karibu kila mara ni njaa. Kanuni yetu: hakuna kujadili njia, hela wala mama mkwe kabla ya chai. Nyingine: anayetembea polepole ndiye anayetangulia mbele. Hii ilitupunguzia nusu ya kelele.

Wazazi walisemaje? Na mtoto lini?

Baba yangu aliuliza kama tumefukuzwa kazi. Mama mkwe alisema pori ni la watu waliokosa pa kwenda, halafu akatupa chupa ya asali na kuomba tupige simu kila Ijumaa, tukapiga. La mtoto tulijibu "Mungu akipenda" na kubadilisha mada.

Mwenzangu hapendi kabisa mambo ya hema.

Mwanzieni Lushoto, kwenye nyumba za wageni, mnatembea mchana msitu wa Magamba na jioni mnalala kitandani. Akifurahia, Kitulo inafuata. Ile sehemu watu wanaiita Bustani ya Mungu, ni hifadhi tangu 2005 kwa ajili ya maua yake, na okidi zake zilikuwa zinachimbwa mizizi kupelekwa Zambia kupikiwa chikanda. Ukimpeleka mtu pale Februari akasema hapendi, mwache abaki nyumbani, nenda na rafiki.

## MASWALI YA PEMBENI

Nina pasipoti ya nje lakini ni mtu wa huku huku, naweza kujitolea?

Tanzania mgeni anayejitolea anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, viza ya kutembea haitoshi, hata kama babu yako kazikwa Pangani. Taasisi inayokupokea ndiyo inayoomba. Ikikwambia "njoo tu tutajua hukohuko", usiende.

Nikihesabu ndege au kupima miti, huo ni utafiti?

Kujaza daftari la mradi uliopo, hapana, wao wana vibali vyao. Ukikusanya takwimu zako ili uchapishe au uandikie tasnifu, Tanzania uanzie COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na wanyamapori unaongeza TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), Kenya ni NACOSTI, tume yao ya sayansi. Usichukue jani, ganda wala mfupa bila kibali.

Drone?

Bila kibali cha mamlaka ya anga na cha hifadhi yenyewe, iache nyumbani, getini wanapekua.

Ramadhani ikitukuta njiani?

Sisi siku za mwendo mrefu tulifungua kwa ruhusa ya msafiri na tukalipa baadaye. Ila ukiwa visiwani kama Juani hata kama wewe hufungi usile barabarani mchana, na kazi za ufukweni zinahamia usiku baada ya tarawehe, kwa hiyo lala mchana. Futari utaalikwa kila nyumba. Peleka sukari au tende, mikono mitupu siyo vizuri.

Tuna mtoto mdogo, tunaweza?

Amani na Lushoto ndiyo, mlima mrefu hapana, na sehemu ambayo hospitali iko zaidi ya nusu siku sisi tusingempeleka mtoto ambaye hajui kusema wapi panauma. Mjamzito aongee na daktari kwanza kuhusu kinga ya malaria, doksisaiklini tuliyoitaja juu siyo ya kwake.